Redio ya Naomi, kutoka Melbourne mpaka Iguguno

Wenzangu wa kikundi, mmeniuliza vya kutosha. Nikienda kukamua alizeti naulizwa, nikitoka kanisani naulizwa, na juzi mwenye bodaboda alizima pikipiki katikati ya barabara ya kwenda Nduguti aniulize kama ni kweli nilipanda jiwe kule Singida mjini na redio mkononi. Ni kweli. Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi na ninajua jambo likisimuliwa mara nyingi linaota mkia. Kwa hiyo naliandika mara moja, msome na mpeane. Ya pasipoti na tiketi nayaruka, hayana ladha.

Melbourne, jikoni kwa Naomi

Nilikwenda Australia kwa sababu binti yangu Naomi alikuwa amejifungua, na mzazi wa mtoto wa kwanza haachiwi wageni. Hilo mnalijua. Msilolijua wote ni kwamba baba yake, mume wangu Mkumbo, alikuwa hajaongea naye kwa miaka minne. Naomi aliolewa hukohuko bila barua ya posa kufika kwetu, bila wajomba kukaa kikao, bila lolote. Mkumbo aliipata habari kwa jirani, aliyemwonyesha picha ya harusi kwenye simu huku akimpongeza. Siku ile alisema neno moja tu, kwamba yeye habari za mwanawe anapewa na jirani. Tangu hapo simu ya Naomi ikilia nyumbani, mzee anachukua jembe anakwenda shambani, hata kiangazi ardhi ikiwa ngumu kama sakafu.

Mkwe wangu anaitwa Bahati, Mkongomani aliyekulia Melbourne. Siku nilipofika alinipokea uwanjani kwa kusema, "Jambo sana, mama." Mimi mama mkwe wake! Nilinuna njia nzima nikidhani ni dharau. Naomi akanieleza jikoni kwamba kwao shikamoo haipo, watu wanasalimiana kwa jambo tu, mkubwa kwa mdogo. Kesho yake asubuhi Bahati alisimama mlangoni ameshika kikombe changu cha chai akasema shikamoo, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikaitika, tukawa ndugu.

Sasa redio. Dirishani mwa jiko lao kuna redio ndogo nyeusi yenye kioo cha maandishi. Wanaiita ya dijitali. Huzungushi kitufe kutafuta stesheni katikati ya kelele. Unabonyeza, inajitafutia yenyewe, na majina yanajipanga kwenye kioo. Ziko nyingi ajabu. Kuna ya mbio za farasi kutwa nzima, kuna ya mpira, kuna inayopiga nyimbo za zamani tu. Wimbo ukianza, jina lake linapita kwenye kioo. Na sauti ni safi, unasikia mtangazaji akimeza mate.

Kila Jumamosi jioni kuna saa nzima ya Kiswahili kwenye stesheni ndogo ya watu wa jamii mbalimbali, na mmoja wa watangazaji wake ni Naomi. Hafanyi kwa mshahara. Siku za kazi anahudumia wazee kwenye nyumba yao, Jumamosi anakwenda kutangaza. Jumamosi ya kwanza nilikaa jikoni na mjukuu mapajani, nikamsikia mwanangu akisalimia watu wa Bujumbura, wa Goma, wa Mombasa na wa Singida walioko mji ule. Nililia mpaka mtoto akashangaa.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Mkumbo hataki simu kwa sababu simu inamdai ajibu. Redio haidai. Unaisikiliza umekaa, na kama umekasirika unaendelea kukasirika, lakini sauti imeshaingia. Na yule mzee, mnamjua, redio ndiyo maisha yake. Zamani alifunga waya wa shaba kutoka dirishani mpaka kwenye mkuyu akawa anashika nchi za mbali, nyingine hata lugha yake haijui. Nikasema, nitamnunulia redio kama hii, na Jumamosi nikiwa nyumbani, Naomi atamsalimia baba yake hewani.

Naomi alinikatalia. Alisema haitashika huku kwetu, kwamba ni redio ya hapo mjini. Sikumsikiliza. Nilidhani ana hofu ya baba yake na anatafuta pa kujificha. Siku moja Bahati alitupeleka kwa rafiki yake mwenye mashamba ya matunda, mbali na mji. Njiani redio ya gari haikukoroma kama zetu zinavyokoroma zikiishiwa nguvu. Ilianza kukatakata maneno, ikatoa sauti kama maji kwenye chupa, ikanyamaza kabisa. Bahati akasema ndiyo mwisho wa mnara, akahamia FM. Mimi nikajisemea kuwa gari lilikuwa linakimbia mno. Mtu akitaka jambo lake halioni lililo mbele ya pua.

Mwisho Naomi alichoka kubishana na mimi. Akang'oa ileile ya dirishani akanipa, akaahidi kwamba Jumamosi itakayofuata, itakapokuwa saa nne asubuhi kwetu, atamsalimia baba.

Angani na Dar es Salaam

Niliondoka Jumanne, redio nimeifunga ndani ya kanga tatu kwenye mkoba wa mkononi, maana sikuiamini mizigo ya chini. Kwenye ukaguzi walinifungulisha kanga moja baada ya nyingine kama wanamenya kitunguu. Kijana wa ukaguzi aliponiuliza ni nini, nikamjibu kwa Kiingereza changu cha darasa la tatu kwamba ni binti yangu. Aliniangalia muda mrefu. Nikaonyesha redio, nikaonyesha mdomo wangu, nikaonyesha redio tena. Akaniruhusu, nadhani kwa huruma.

Chakula cha ndege sikukielewa na sitakisema vibaya, Mungu asije akaninyima kingine. Nilipofika Dar Jumatano nilikula ugali na dagaa kwenye mgahawa karibu na nyumba ya wageni, na mwenye mgahawa akaniongeza mboga bila kuombwa. Pale niliiwasha redio kwa mara ya kwanza. Ilitafuta, ikatafuta, kioo kikaandika kwamba hakuna stesheni. Nikasema Dar ina majumba mengi yanayoziba. Sisi kwetu kuko wazi.

Dodoma mpaka Mkiwa

Alhamisi asubuhi treni ya umeme ilinifikisha Dodoma kabla sijamaliza kuzoeana na jirani yangu wa kiti. Kutoka pale nikapanda basi la Mwanza, ambalo lingenishusha Iguguno mlangoni jioni ileile. Nikajiona mshindi. Tulipita Manyoni vizuri, abiria wakanunua asali, na tulipokaribia Mkiwa basi likaanza kunuka. Dereva akasogea nalo polepole hadi kwenye vibanda, likazima, na halikuwaka tena.

Tulikaa pale mpaka jua likaanza kupinduka. Kondakta alituambia kila mara kwamba fundi yuko njiani. Nilikuwa na Ijumaa moja tu kabla ya Jumamosi yangu, na nilikuwa nawaka ndani kuliko ile injini. Nikaingia kwenye kibanda cha mama mmoja anayepika wali na kuku wa kienyeji, jina lake Mwajuma, Mgogo mcheshi. Nikala. Kisha nikatoa redio nijaribu, maana Mkiwa ni pa wazi.

Watu walijaa. Nikawaeleza kwamba inatoka Australia na kwamba ninatafuta Australia. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa na ushauri: ielekeze jua linakochomoza, iweke juu ya paa, ishikwe na mtu asiye na viatu. Mwajuma mwenyewe alivua kandambili akaishika redio juu ya kichwa, mwiko mkono wa pili. Mtu mmoja akabonyeza kitufe kingine nisichokijua, na ghafla ikatoa sauti ya mwanamume akihubiri kwa Kiingereza. Kibanda kizima kikashangilia. Mzee mmoja akavua kofia akasema, "Mimi na Australia leo tumeonana." Hata mimi nilishika kifua. Mhubiri akamaliza, kikafuata kipindi cha salamu, na msikilizaji wa Manyoni mjini akamwombea wimbo mkewe aliyeko Itigi.

Kumbe redio ile ina FM pia. Watu hawakukata tamaa, walifurahi vilevile, wakaomba niiache wamalizie nyimbo. Mimi ndiye niliyerudi kukaa kwenye benchi bila nguvu. Mwajuma akaniletea chai na kuniuliza ninahangaikia nini hasa huko Australia. Nikamweleza yote, ya posa, ya picha, ya jembe. Alisikiliza huku anageuza kuku. Akasema wanaume wa hivyo anawajua, baba yake mzazi alikuwa mmoja, naye alikufa hajasema alichotaka kusema. Akaepua kuku. Kisha alitoka nje, akasimama barabarani na mwiko wake, akasimamisha lori.

Mkiwa mpaka Singida, kwa lori

Dereva wa lori aliitwa Saidi, mtu wa Itigi, alikuwa anapeleka magunia matupu Singida akapakie vitunguu. Aliniita mama tangu sekunde ya kwanza na kunipa kiti chenye mto. Tatizo la Saidi ni kwamba kila kijiji ana shughuli. Issuna tulisimama akapakie kuku wa shemeji yake. Kuku hawakuwa wamekamatwa. Shemeji akasema ni wa dakika moja, tukaanza kuwafukuza uwanjani, Saidi, shemeji na watoto wa jirani, na mimi mwalimu mstaafu niliyetoka ng'ambo nikiwa na viatu vyangu vya ndege. Nilimkamata jogoo mwekundu kwa mikono yangu. Shemeji alitaka kunipa awe wangu kwa ushujaa, nikakataa, nikaogopa atainyea redio.

Kufukuza kuku kulinipa moyo. Jua lilikuwa linashuka na baridi ya Juni inaingia kwenye mifupa, nikamwambia Saidi nikitembea kwa miguu nitatembea, lakini Jumamosi saa nne nitakuwa nimeketi kwangu. Yeye akaniambia niache wasiwasi. Alisema baba yake alikuwa na redio ya kizamani iliyokuwa ikishika mpaka Uarabuni, siri yake ni kwenda juu. Akanielekeza niende kwenye yale mawe makubwa ya Singida mjini, nipande, niinue antena. Nililala kwa mdogo wangu pale mjini nikiwa na tumaini jipya kabisa.

Juu ya jiwe

Haya, mlilolisubiri ni hili. Ijumaa asubuhi nilipanda jiwe. Mdogo wangu alibaki chini ameziba uso na kanga akijifanya hanijui. Yale mawe mnayajua, yamelundikana kama mtu aliyakusanya akasahau shughuli yake. Nilipanda kwa magoti na viganja. Upepo wa kule juu ulinivuta sketi, ziwa la Singidani likawa linang'aa chini, na mimi nimesimama nimeinua redio, nimevuta antena yote, nimeielekeza jua linakochomoza.

Kioo kikasema hakuna stesheni.

Nikampigia Naomi kulekule juu. Kwake ilikuwa mchana, nilimsikia mtoto. Nikamwambia niko kwenye jiwe na bado haishiki, anipe ujanja. Akaniambia polepole, kama nilivyokuwa nikiwaambia watoto wa darasa langu. Redio za mtindo ule zinasikika pale tu mnara unapofika, mji na pembezoni mwake. Ndani ya Australia yenyewe, mtu akitoka mbali na miji mikubwa haipati. Ule waya wa baba ulikuwa unashika mawimbi ya aina nyingine, yale yanayoruka nchi na nchi. Akasema kipindi kinapatikana kwenye simu kwa intaneti, nimsikilizishe baba huko.

"Simu ndiyo asiyotaka kuiona," nikasema. "Ungekuwa unaweza kupita kwenye simu nisingepanda jiwe."

"Basi, mama. Mimi kesho nitamsalimia tu kama nilivyoahidi. Asiposikia, nitakuwa nimemsalimia."

Nilikaa juu ya jiwe. Sitawadanganya, nilikasirika. Nilimkasirikia Mkumbo na jembe lake, nikamkasirikia Naomi aliyeshindwa kuandika barua moja ya posa, nikajikasirikia mimi niliyeambiwa tangu jikoni nikaziba masikio na kuibeba ile redio kuvuka bahari kama yai. Nilitamani niiache palepale ishikwe na kunguru. Kisha nikaona kwamba kama ningeiacha, nyumbani ningefika na maneno matupu, na maneno matupu ya Naomi mzee alikuwa ameyakimbia miaka minne. Nikaifunga kwenye kanga. Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, na nilishuka kwa makalio sehemu kubwa, hilo waliowaambia hawakusema uongo.

Iguguno

Nilifika nyumbani Ijumaa alasiri kwa gari dogo. Mkumbo alikuwa uani anapepeta alizeti. Alinipokea mizigo, akaniuliza habari za safari, za ndege, za baridi. Hakuuliza za mtu yeyote. Nikaoga, nikala ugali wa uwele na mlenda, nikapona. Kisha nikaweka redio mezani mbele yake bila utangulizi.

Aliishika kama anavyoshika redio zote, akaipima uzito, akatafuta antena, akaiwasha. Ikatafuta, ikaandika neno lake lilelile. Akaniuliza kioo kinasema nini, nikamwambia. Akaniuliza nimeitoa wapi.

"Kwa Naomi," nikasema. "Ilikuwa dirishani kwake. Anatangaza kwenye redio, Mkumbo. Kesho saa nne asubuhi atakusalimia humo, mbele ya watu wote wa huko wanaojua Kiswahili. Nilitaka umsikie. Ameniambia haishiki hapa, na nimejaribu kila mahali, haishiki."

Nilisubiri jembe. Hakulichukua. Aliigeuza redio chini juu, akafungua mlango wa betri, akaufunga. Akasema kuna ule waya wa shaba, upo darini. Nikamwambia haitasaidia, ni mawimbi mengine. Akasema yeye hajaniuliza.

Jumamosi asubuhi aliamka akapanda juu ya bati na waya wake. Katika umri ule! Alifunga ncha moja kwenye antena na ncha nyingine kwenye mti wa mbele, akarudi akajaribu, akapanda tena akauhamisha. Jirani, yuleyule wa picha, alikuja kuuliza kuna nini. Mkumbo akamjibu yuko na kazi zake. Ilipokaribia saa nne alinawa mikono, akavaa shati la Jumapili, akakaa kwenye kiti chake. Mimi nikakaa kwenye mkeka. Nilijua saa ileile kule Melbourne taa nyekundu inawaka na mwanangu anasogea kwenye kipaza sauti. Huku kwetu redio ilikuwa kimya kabisa, kioo kinawaka.

Nilidhani atasikiliza dakika chache aondoke. Alikaa. Hakubonyeza kitu, hakunisemesha, alikaa ameinamisha kichwa upande wa sikio lake zuri. Kuku waliingia ndani wakatoka. Mimi moyo ulikuwa unaniuma, maana niliona sasa kwamba na yeye alikuwa amemkosa mtoto wake kama mimi, au zaidi, na kiburi kilikuwa kimemfungia mlango kwa nje. Saa tano ilipofika akainua kichwa.

"Kipindi kimekwisha?"

"Kimekwisha."

"Na amenisalimia?"

"Aliahidi. Naomi akiahidi anafanya."

Akaizima redio. Kisha akasema, "Mtu akikusalimia usiitike, ni tabia gani hiyo? Tena mbele za watu. Lete simu."

Kwa haraka nikabonyeza namba ya mtu mwingine, nikakata, nikarudia. Naomi alipokea yuko bado palepale stesheni, nasikia watu wanacheka nyuma yake. Nikamwambia usikate, nikampa baba yake ile simu. Aliishika mbali kidogo na sikio.

"Naomi. Mimi baba yako. Redio yako nimeikalia saa nzima, haishiki."

Nikaisikia sauti ya mwanangu ikivunjika. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya, hayo mengine uliyoyasema, yarudie. Anzia mwanzo."